Macho Mekundu Siku ya Posa

Jumamosi asubuhi, nyumba ya Rael kule Abu Hamour, Doha, hunukia chapati. Rael ni karani katika ofisi ya kusafirisha mizigo. Juma zima hula vyakula vya kununua, vya kumeza haraka arudi kazini. Jumamosi hataki mchezo. Hukanda unga, husukuma, na humngoja mdogo wake Kiprono.

Kiprono ni mlinzi katika jengo refu kule Lusail. Lakini hasimami langoni. Hukaa ndani ya chumba chenye baridi kali, akitazama skrini za kamera. Skrini zimejaa ukutani. Gari likiingia, analitazama. Mtu akipita, anamtazama. Msimamizi wake hataki kuona mtu anasinzia, kwa hiyo Kiprono hukodoa macho zamu nzima, na kiyoyozi kinampulizia usoni. Akitoka nje anakutana na upepo wa vumbi. Macho yangekosaje kuwa mekundu?

Jumamosi moja Kiprono hakuja kula chapati tu. Alikuwa na mchumba nyumbani Kenya, kule Kapsabet, mwalimu aitwaye Jeptoo. Wajomba zake Kiprono walikuwa wamekwenda kwa kina Jeptoo kujitambulisha. Baadaye kungekuwa na koito, kikao ambamo Wakalenjin hukubaliana mambo ya posa. Kiprono hakupata likizo. Basi akafanya wanavyofanya vijana wengi wa huku Ghuba. Alikwenda posani kwa simu ya video.

Kule Kapsabet, simu iliegemezwa kwenye chupa ya chai. Salamu zilikwenda vizuri. Kisha Mzee Henry, baba yake Jeptoo, akaivuta simu karibu na uso wake.

"Kijana," alisema, "wewe unakunywa pombe?"

Huku Doha, Rael aliachia mwiko ukaanguka.

"Hapana, baba," Kiprono alijibu. "Sijawahi hata kuionja."

"Mbona macho yako ni mekundu hivyo?"

"Ni vumbi, baba. Na kazi."

Mzee Henry alikuwa mzee wa kanisa. Nyumbani kwake mlevi hakaribishwi hata kwa maji. Alimtazama Kiprono kwa muda. "Tutaonana siku ya koito," alisema. "Nitayatazama tena macho hayo. Binti yangu simpi mlevi."

Simu ilikatika. Kiprono alibaki ameduwaa, chapati mkononi. Yeye, mlevi? Yeye ambaye wenzake humcheka kwa kunywa maziwa? Aliumia sana. Alimpenda Jeptoo, na sasa alikuwa karibu kumkosa kwa sababu ya rangi ya macho.

*

Makao ya kampuni yako mbali na mji. Chumba cha Kiprono kina vitanda vya kupanda, friji moja, na watu sita. Wana utaratibu wao. Kila mwezi wanachanga na kununua vitu vya chumba. Kuna sukari ya chumba, unga wa chumba, majani ya chai ya chumba. Na juu ya friji, karibu na chumvi, kulikuwa na dawa ya macho ya chumba. Chupa moja ndogo, ya watu wote.

Rafiki yake Levis ndiye aliyemwonyesha. "Weka hii, bro," alisema. "Dakika mbili tu, uko safi kama bwana harusi. Sisi wote tunaitumia kabla ya zamu."

"Inauzwa bila karatasi ya daktari?"

"Ndiyo. Famasi unaingia tu, unanunua. Ingekuwa mbaya wangeuza hivyo?"

Kiprono alitia tone moja kila jicho. Akaenda kwenye kioo. Hakuamini! Wekundu ulikuwa umeyeyuka. Macho yalikuwa meupe kama ya mtoto. Alicheka peke yake. Mzee Henry sasa angesema nini?

Kesho yake wekundu ulirudi. Akatia tena. Ukaondoka, ukarudi mapema zaidi, akatia tena. Kufikia juma la pili alikuwa anatia asubuhi, mchana na jioni, na katikati akipata nafasi. Asipotia, macho yaliwaka mekundu kuliko siku ile ya kwanza. Sasa hakuweza kuacha. Maandishi yaliyokuwa kwenye boksi la dawa hakuyasoma, kwa sababu boksi lenyewe lilikuwa limetupwa siku nyingi.

Siku moja aliona jicho la Levis limevimba na lina tongotongo nyingi. Levis alijipangusa, akachukua ile chupa, akagusisha mdomo wa chupa kwenye jicho, akatia. Kisha akairudisha juu ya friji. Kiprono aliona yote hayo. Jioni akaichukua chupa hiyo hiyo akatia machoni mwake. Mtu mwenye akili zake! Lakini alikuwa anawaza koito tu.

*

Siku ya koito ilifika. Kiprono aliingia kwa Rael amevaa miwani ya jua.

"Vua miwani ndani ya nyumba," Rael alimwambia. "Wewe ni nani, mwanamuziki?"

Rael alinyoosha mkono akaivua mwenyewe. Alipiga ukelele.

"Kiprono! Ni nani amekupiga?"

Macho yote mawili yalikuwa mekundu kama nyama mbichi. Kope zilikuwa zimevimba. Pembeni mwa jicho la kushoto kulikuwa na usaha wa manjano.

"Hakuna aliyenipiga. Asubuhi nimeamka kope zimegandana. Nilizifungua kwa maji ya moto." Alitoa ile chupa mfukoni. Alikuwa ameiomba chumbani kwa ajili ya siku hiyo. "Nisaidie kutia, dada. Matone matatu matatu. Wazee wataingia kwenye simu sasa hivi."

Rael hakuigusa. Alitoka mbio mpaka mlango wa jirani.

Jirani yake ni Milka, nesi katika kliniki ya macho. Watu wa jengo humwita Sista. Alikuja na kanga kiunoni, mikono ina povu la vyombo. Kwanza alinawa vizuri kwa sabuni. Kisha akamketisha Kiprono karibu na dirisha.

"Mwanga unakuumiza?"

"Hapana, Sista."

"Maumivu makali ndani ya jicho?"

"Hapana. Yanawasha, kama yana mchanga."

"Unaona vizuri?"

"Kuna ukungu. Nikipangusa unaondoka."

"Unavaa lenzi? Umeingiwa na kitu, au dawa ya kusafishia?"

"Hapana."

Milka alipumua. "Afadhali. Ungekuwa na tatizo kubwa lolote kati ya hayo, tungeondoka sasa hivi. Lakini hata hivyo leo lazima daktari akuone. Haya, umetia nini?"

Kiprono alimpa chupa. Milka aliigeuza huku na huku. Mdomo wa chupa ulikuwa na uchafu mkavu wa manjano. Tarehe ya mwisho ilikuwa imepita.

"Hii ni yako?"

"Ni ya chumba."

"Ya chumba? Maana yake nini?"

"Tunachanga, Sista. Kama sukari."

Milka alimtazama Rael. Rael alitazama sakafu. "Mungu wangu," Milka alisema polepole. "Watu sita wanachangia dawa ya macho kama wanavyochangia unga! Kiprono, ungekopa mswaki wa Levis?"

"Aka! Hata kidogo!"

"Basi umefanya kibaya zaidi. Mdomo wa chupa ukigusa jicho lenye ugonjwa, vijidudu vinaingia ndani ya dawa. Anayefuata anajitilia ugonjwa wa mwenzake, tone kwa tone. Dawa ya macho ina mwenyewe. Haigawiwi, hata kwa ndugu wa tumbo moja."

"Lakini ilinisaidia mwanzoni. Wekundu ulikwisha kabisa."

"Haukwisha. Ulifichwa. Jicho lina mishipa midogo ya damu. Likichokozwa na vumbi, mishipa inatanuka na unaona wekundu. Dawa hii inaibana tu. Haiponyi kitu. Ukiitumia kidogo, kama maandishi yanavyosema, hakuna neno. Ukiizidisha siku nyingi, mishipa inazoea. Dawa ikiisha nguvu, mishipa inatanuka kuliko mwanzo. Nawe unatia tena."

Kiprono alishika kichwa. "Kwa hiyo wekundu mwingine ulitokana na dawa yenyewe?"

"Ndiyo."

"Na Levis aliniambia, kama ingekuwa mbaya isingeuzwa hivi hivi!"

"Kisu pia kinauzwa hivi hivi," Milka alijibu. "Dawa kama hii ni ya siku mbili tatu. Usipopata nafuu, unaacha na kumwona daktari. Na kabla ya kununua unamwambia mfamasia una ugonjwa gani. Mwenye presha, mwenye maradhi ya moyo, mwenye ugonjwa wa macho, anauliza kwanza. Wengi wa walinzi hata hawaihitaji. Macho yao yamekauka. Wanataka machozi ya bandia, ambayo ni dawa nyingine, na kiyoyozi kigeuzwe kisipulize usoni, na kupepesa macho."

Rael alikuwa amesimama mkono mdomoni. Alikumbuka kwamba na yeye huacha chupa kama hiyo kwenye meza ya kitanda, na watoto wa jengo huja kucheza. Aliuliza kwa sauti ndogo. Milka hakumficha. Mtoto akiinywa, hata kidogo tu, anaweza kulegea, moyo ukaenda polepole na pumzi ikapungua. Rael alikwenda chumbani moja kwa moja, akaificha juu kabisa kabatini.

Simu ilianza kuita. Kapsabet walikuwa tayari.

Kiprono aliruka. Alimshika Milka mkono. "Sista, tone moja tu! Moja! Nikionekana hivi nimemkosa Jeptoo. Baba yake alisema atanitazama macho."

"Siwezi."

"Basi niseme nini?"

"Sema ukweli. Na ukimaliza twende kwa daktari."

Simu iliita tena. Kiprono alitazama ile chupa mezani. Mkono wake ungeweza kuifikia. Kisha akapokea simu.

*

Sebule ya Mzee Henry ilikuwa imejaa. Wazee walikuwa wamevaa makoti. Kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha, kilikuwa tayari mezani. Jeptoo alikaa karibu na mama yake, amejitanda shuka. Uso wa Kiprono ulipotokea, watu waliguna. Mama mmoja alisema wazi, "Yesu!"

Mzee Henry aliinua mkono. "Umeona, Jeptoo? Nilikwambia."

"Baba," Kiprono alisema. "Baba, sijanywa pombe. Nimefanya ujinga mwingine. Niliogopa kwamba utanikataa. Nilitia dawa ya kuondoa wekundu kila siku, mara nyingi, kutoka kwa chupa ya watu wengi. Sasa nimepata ugonjwa. Kuna nesi hapa. Amenikataza kutia tena ili nionekane mzuri mbele yenu. Niamini au unikatae, ndivyo ilivyo."

Wajomba zake Kiprono waliinamisha vichwa kwa aibu.

Mzee Henry alishusha mkono aliouinua. Kisha aliuingiza ndani ya koti. Akatoa kitu kidogo, akakileta karibu na simu.

Ilikuwa chupa ya dawa ya macho.

"Ni kama hii?" aliuliza.

Jeptoo alisimama. "Baba! Hiyo ni ya nini?"

"Kaa chini, mama," Mzee alimjibu binti yake. Hakuwa mkali tena. "Macho yangu yalianza kuwa mekundu tangu mwaka jana. Kanisani watu wakaanza kunong'ona. Mzee wa kanisa, macho mekundu! Nikanunua hii kwa kemisti. Natia kabla ya kutoka nyumbani. Hata leo nimetia. Hakuna anayejua, hata mama yenu."

Mkewe alimtazama kama mgeni. Mwaka mzima, nyumba moja, kitanda kimoja, na hakujua!

Milka alikuwa amesogea. Alitokea kwenye simu begani mwa Kiprono. "Shikamoo, Mzee. Samahani kwa kuingilia. Mimi ni nesi wa macho. Naweza kukuuliza?"

"Uliza, binti yangu."

"Kichwa kinakuuma?"

"Hapa, juu ya jicho. Jioni hasa. Wakati mwingine nasikia kichefuchefu."

"Ukitazama taa, unaionaje?"

"Ina duara. Rangi rangi, kama upinde wa mvua. Nilidhani ni uzee."

Milka alibadilika uso. Rael alimwona, akashika kiti.

"Mzee, funika jicho la kulia kwa kiganja. Mtazame kiongozi wa wageni aliye mbele yako. Usigeuze kichwa. Pembeni, upande wa kushoto, unamwona nani?"

Mzee Henry alifunika. Alikaa hivyo. "Hakuna mtu," alisema.

"Baba," Jeptoo alisema, na machozi yalikuwa yanamtoka. "Mimi niko hapo. Nimekaa hapo tangu tulipoanza."

Hapo ndipo hofu iliingia. Hata wazee waliokuwa wamejiandaa kusema mambo ya ng'ombe waliweka fimbo chini.

"Mzee," Milka alisema kwa heshima, lakini bila kuzunguka. "Siwezi kupima macho kwa simu. Ninachoweza kusema ni hiki. Dalili hizo zinaweza kuwa za glakoma, presha ya ndani ya jicho. Inakula uwezo wa kuona taratibu, kuanzia pembeni. Kwa macho ya watu wengine, dawa hiyo inaweza kuipandisha zaidi. Usitie tena hata tone. Nenda hospitali yenye daktari wa macho. Leo, si Jumatatu."

"Leo nina wageni," Mzee alijibu. "Koito haivunjwi katikati. Tumalize kwanza, kisha tutaona."

"Baba, nenda!"

Aliyepaza sauti ni Kiprono. Kijana wa posa hapazi sauti mbele ya baba mkwe. Wajomba zake walishtuka kuliko wote. Lakini hakunyamaza.

"Nenda, baba. Nikatae ukitaka. Sema hapana sasa hivi, kikao kiishe, uende. Mimi nitajua la kufanya. Lakini usikae hapo kwa ajili yangu."

Jeptoo hakungoja jibu. Alichukua ufunguo wa gari ukutani. Akamshika baba yake mkono, na mama akamshika mwingine. Wazee walitoka nyuma yao. Mlango ulifungwa. Simu ilibaki ikionyesha viti vitupu na mursik ambayo haikunywewa.

Huku Doha, Kiprono alianza kulia. Milka alimpa karatasi safi. "Pangusa kila jicho na karatasi yake," alisema. "Na vaa viatu. Zamu yako sasa."

*

Daktari alimwona Kiprono siku hiyo hiyo. Lilikuwa ambukizo, lile lile la Levis. Alipewa dawa yake mwenyewe na akaambiwa asitumie nyingine. Alipewa ruhusa ya kukaa nje ya kazi, na taulo lake likawekwa mbali na la wenzake. Milka alimfundisha kutia dawa. Nawa mikono. Inua uso. Vuta ukope wa chini uwe kama kifuko. Tone moja, chupa isiguse popote. Funga jicho polepole, na ubonyeze kidogo pembeni karibu na pua. Kiprono alikosea mara kadhaa na dawa ikamtiririka shavuni. Rael alicheka mpaka akakaa.

Alipoacha kabisa ile dawa ya kuficha wekundu, macho yalikaa mekundu kwa muda, kisha yakatulia. Kule chumbani, chupa ya juu ya friji ilitupwa. Levis ndiye aliyeitupa, na tena kwa hasira, kwa sababu wote sita walikuwa wamekwisha kuugua. Kazini, kiyoyozi kiligeuzwa.

Lakini siku ile ya koito kilichongojwa ni habari za Eldoret, kwenye hospitali alikopelekwa Mzee Henry. Jeptoo alipiga simu jioni.

"Ni glakoma," alisema. "Presha ya macho ilikuwa juu sana. Daktari alishangaa kwamba baba bado anatembea peke yake. Alisema angechelewa zaidi, pengine angepofuka macho yote mawili."

"Na sasa?"

"Wameishusha. Watamtibu kwa miale ya leza, na atatia dawa za daktari maisha yake yote. Jicho la kulia litabaki. La kushoto... Sehemu iliyokufa hairudi, Kipro. Baba anauliza kwa nini hakuna mtu aliyemwambia."

Nani angemwambia, na alikuwa anaficha?

Koito ilirudiwa baada ya matibabu. Simu iliegemezwa mezani, wazee wakakaa, mursik ikamiminwa. Hakuna aliyetaja macho ya Kiprono. Mjomba wake alisimama na kusema walichokuja kuomba. Kisha wote wakamgeukia Mzee Henry.

Aligeuza kichwa chote kushoto, akitafuta, mpaka akampata binti yake.

"Jeptoo," alisema, "njoo ukae huku kulia. Natoa jibu langu la ndiyo, na ninataka nikuone."

Jeptoo akahamisha kiti.